Kisa cha simu ya kukunja iliyopona ikakosa mtandao

Simu ilifika mezani kwangu ikiwa imezungushiwa mpira mwekundu, ule wa kufungia mabunda ya noti. Mpira ulikuwa umeshikilia kifuniko cha nyuma kwa sababu hakikukubali tena kujifunga. Nilipoutoa, kifuniko kilinyanyuka chenyewe upande mmoja.

Mwenye simu ni bibi wa miaka 78, akiongozana na mjukuu wake wa kiume. Mjukuu alishaamua: hii itupwe, bibi anunuliwe simu janja kama watu wengine. Bibi hakubishana naye. Aliniangalia mimi.

"Mwanangu, hii usinibadilishie. Mimi na hii tumezoeana."

Ni simu ya kukunja ya kawaida kabisa, aliyoinunua miaka tisa nyuma ikiwa na laini yake ndani, ya kuweka salio kwanza ndipo upige. Haina intaneti ya maana. Akiifungua anapokea, akiifunga anakata, basi. Nataka kukieleza kisa hiki chote, pamoja na mahali nilipokosea, kwa sababu simu za namna hii bado zimo mikononi mwa wazee wengi, na mafundi tunazikosea kwa njia ileile.

Malalamiko yalikuwa manne. Kioo kinazima simu ikifunguliwa yote, lakini ikifunguliwa nusu kinawaka. Sauti ya anayepiga huja na kupotea. Chaji haikai, anachomeka jioni, asubuhi imeshakwisha. La nne alilisema mjukuu kwa hasira kidogo: "Ukimpigia akiwa nyumbani, mara nyingi hapatikani."

Lile la nne niliandika daftarini kama matokeo ya lile la tatu. Betri imekufa, simu inajizima, kwa hiyo hapatikani. Ilionekana wazi kiasi kwamba sikuuliza swali hata moja zaidi.

Bawaba na betri

Tangu Motorola ilipotoa StarTAC mwaka 1996, simu za kukunja zimekuwa na mahali pamoja panapoziua, nako ni kwenye bawaba. Ubao mkuu, betri, laini na vitufe vyote viko nusu ya chini. Kioo na spika ya sikioni viko nusu ya juu. Kinachoziunganisha ni utepe mwembamba wenye njia nyingi za shaba, mafundi tunauita fleksi, uliojikunja ndani ya bawaba. Kila unapofungua simu, utepe huo unapinda. Ukifunga, unapinda tena. Mtu akifungua simu yake mara 20 kwa siku, kwa miaka tisa utepe umepinda zaidi ya mara 65,000 kwenda na idadi hiyohiyo kurudi.

Shaba haikatiki ghafla. Huanza na ufa ambao bado unagusana simu ikiwa katika pembe fulani, na ndiyo maana dalili yake ni ya pembe. Niliiwasha simu ya bibi, nikaifungua polepole kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Hadi nusu, picha ilikuwa safi. Baada ya hapo mistari ikaingia, kisha giza. Nikairudisha kidogo, picha ikarudi. Nikapiga simu na kuweka sauti ya nje, ambayo spika yake iko nusu ya chini: sauti ilitoka bila kukatika. Nikaihamishia sikioni, ikawa inakuja na kupotea kila nilipotikisa kifuniko. Kioo chenyewe ni kizima na spika ya sikioni ni nzima; kilichokufa ni njia ya kuzifikia. Fundi asiyefanya jaribio hili la pembe hubadilisha kioo bure, na mteja hulipia kitu ambacho hakikuwa kibovu.

Betri haikuhitaji hata mita. Niliilaza juu ya kipande bapa cha kioo nikaisukuma kwa kidole. Betri nzima hukaa ilipo au huteleza. Hii ilizunguka kama pia, kwa kuwa tumbo lake lilikuwa limevimba katikati. Betri ya lithiamu ikivimba ni kwamba ndani mmejaa gesi, na haikandamizwi wala haitobolewi. Niliiweka kando peke yake, ipelekwe zinakokusanywa taka za umeme. Ule mpira mwekundu, kwa kweli, ulinitia hofu zaidi baada ya hapo: bibi alikuwa ameikaza betri iliyovimba na kulala nayo kichwani pake.

Fleksi nilipata kwenye simu nyingine ya aina ileile iliyokuwa imekufa ubao. Kazi yake si ngumu, ila ni ya uvumilivu: kufungua nusu zote mbili, kutoa pini ya bawaba bila kuvunja plastiki, kupitisha utepe mpya kwa mkunjo uleule wa zamani. Ukiupitisha umenyooka, utakatika ndani ya wiki. Betri mpya ilipatikana kwa namba iliyoandikwa kwenye ile ya zamani. Kufikia jioni simu ilifunguka yote ikiwa inang'aa, na nilipiga na kupokea hapo mezani mara tatu, sauti wazi.

Kwenye kioo kulikuwa na alama ya bahasha ikimweka. Ujumbe ambao haujasomwa. Sikuufungua. Ujumbe wa mtu ni wa mtu, na hadi leo naona nilifanya sawa kutoufungua. Kosa langu ni kwamba nilipomkabidhi bibi simu yake sikumwambia, "Kuna ujumbe hapa, mwambie mjukuu akusomee." Kioo kilikuwa giza kwa miezi. Mtu ambaye kioo chake ni giza hawezi kuwa amesoma chochote.

Wiki tatu baadaye

Bibi alirudi peke yake. Hakulalamika, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema simu imekuwa nzuri kama mpya, chaji inakaa vizuri zaidi ingawa si sana, lakini binti yake bado hampati. Na tangu wiki iliyopita hata yeye akipiga haitoki.

Niliitazama. Pale juu, zinapokaa alama za mtandao, hapakuwa na kitu.

Nilitoa laini yake nikaiweka kwenye simu yangu ya akiba, inayoshika 4G pamoja na mitandao ya zamani. Hapo pia ilichelewa kidogo, kisha ikakaa kwenye mtandao. Laini haijafungwa, na namba ni yake bado. Nikaweka laini yangu kwenye simu ya bibi, ikaikataa palepale, kwa kuwa simu hizi za kuuzwa pamoja na laini mara nyingi hufungwa kwa mtandao mmoja. Nikaazima laini ya mtandao wake kwa jirani. Hakuna kitu.

Basi tatizo ni simu, na mtu wa mwisho kuifungua simu ni mimi. Ndivyo fundi anavyowaza, na ni sawa awaze hivyo. Niliifungua upya nikitafuta mguso wa antena niliodhani nimeupinda. Nilisafisha, nikanyoosha, nikapima, nikarudisha. Jioni nzima ilipita hivyo. Antena ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Asubuhi bibi alipokuja nilimwomba ruhusa nisome ujumbe. Akasema, "Soma, mimi huwa sisomi hizo." Ulikuwapo ujumbe saba kutoka kwa kampuni yake ya simu. Wa kwanza ulikuwa umefika miezi 11 kabla. Wote ulisema jambo moja kwa maneno yanayozidi kuwa makali: mtandao wa zamani unazimwa eneo kwa eneo, simu yako haitaweza kupiga wala kupokea, badilisha.

Hapo ndipo malalamiko yote manne yalipojipanga upya kichwani mwangu. Nilikuwa nimesema hapatikani kwa sababu chaji inaisha. Kwa sehemu kubwa ilikuwa kinyume. Simu isiyoona mnara haitulii. Hutafuta usiku kucha, na ikiuona kwa mbali hupaza nguvu ya redio yake hadi mwisho ili isikike. Kazi hiyo hula betri haraka kuliko simu iliyotulia karibu na mnara. Nyumbani kwa bibi mtandao wa zamani ulikuwa umeshaanza kuondolewa, kwa hiyo simu yake ilikuwa ikihangaika kila usiku na kuamka imekufa. Betri ilikuwa mbovu kweli, uvimbe hausemi uongo, ila haikuwa chanzo. Na lile neno la mjukuu, "akiwa nyumbani", ndilo lililobeba jibu lote. Simu yenye betri mbovu haichagui mahali pa kufia. Ikipatikana sehemu moja na kukosekana nyingine, uliza minara kwanza.

Mbona mezani kwangu ilipiga mara tatu? Kwa sababu siku ile mnara wa kwangu ulikuwa bado haujazimwa. Ulizimwa katika zile wiki tatu. Jaribio langu lilithibitisha kwamba simu inafanya kazi kwenye meza yangu, na bibi haishi kwenye meza yangu.

Jambo hili si la eneo moja. Makampuni makubwa ya simu ya Marekani yalizima 3G mwaka 2022. Huko Australia, makampuni ya mwisho yalianza kuizima Oktoba 2024. Kila nchi ina kalenda yake, kwingine 2G ndiyo inayoondoka kwanza na kwingine 3G, lakini nia ni ileile: masafa yaleyale ya redio yahamishiwe 4G na 5G. Simu ya kukunja iliyotengenezwa kwa mitandao ya zamani tu haipati programu mpya ya kuiokoa. Redio yake haina uwezo huo.

Ningeweza kuyajua haya kwa dakika mbili siku ya kwanza. Ukibonyeza *#06# simu inakupa IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, tarakimu 15, na nane za mwanzo zinatambulisha aina ya simu. Kwenye simu ambayo kioo hakisomeki, namba hiyohiyo imeandikwa chini ya betri, pamoja na jina la modeli. Kutoka hapo unajua inashika mitandao gani, kisha unaiuliza kampuni ya mteja inaendelea na ipi. Sasa hili ndilo la kwanza kwangu kabla ya bisibisi. Bibi nilimrudishia malipo yote ya ufundi. Fleksi ilikuwa kazi safi, lakini nilimtengenezea mlango wa nyumba inayobomolewa.

Kubadilisha bila kumpoteza mwenye simu

Mjukuu alipopata habari alirudi na wazo lake la simu janja, na safari hii alikuwa na hoja. Nilimwomba akae amwangalie bibi akipiga simu. Bibi aliichukua ile simu isiyo na mtandao, akaifungua bila kuitazama, akabonyeza kitufe cha 2 akakishikilia. "Huyu mkubwa," alisema. Akashikilia 3: "Huyu wa kliniki." 4: "Jirani." Hakuwa akitafuta majina. Kumbe hajawahi kuyatafuta. Kitabu chake cha simu kilikuwa kidoleni. Mjukuu alinyamaza, na mjadala wa simu janja ukaishia pale.

Kwa hiyo tulitafuta simu nyingine ya kukunja, ya vitufe, na masharti yalikuwa machache lakini hayakuwa na mjadala. Kushika 4G peke yake hakutoshi. Zipo simu zinazotumia 4G kwa intaneti, kisha mtu akipiga hushuka kwenye mtandao wa zamani ili kubeba sauti. Mtandao huo ukizimwa, simu inaonyesha alama zote za mtandao na bado haipigi. Inatakiwa iwe na VoLTE, yaani sauti inayosafiri juu ya 4G yenyewe, na iwe inakubaliwa na kampuni ileile ya mteja, maana simu inaweza kuwa na VoLTE na kampuni isiitambue. Kuna hatari nyingine iliyojificha zaidi: zipo simu zinazopiga simu za kawaida kwa VoLTE lakini za dharura huzishusha kwenye 3G. Australia walilazimika kuagiza simu za namna hiyo zizuiwe kabisa kwenye mitandao yao, ili mtu asije kuligundua hilo siku ya moto. Kwa mzee anayeishi peke yake, sharti hili ndilo ningeliweka juu ya mengine yote.

Kwa kawaida namshauri mtu anunue simu isiyofungwa kwa mtandao wowote. Kwa bibi nilishauri kinyume: achukue inayouzwa na kampuni yake mwenyewe. Hana mpango wa kuhama, na simu iliyotoka kwao ndiyo yenye uhakika wa kukubaliwa kwao. Kufungwa kwake hakumpotezei kitu.

Mtego ulikuwa kwenye boksi. Simu hizi huja na laini mpya ndani, na muuzaji akiwa na haraka huiwasha hiyo, bibi akarudi nyumbani na namba ambayo hakuna anayeijua, huku salio lake limebaki kwenye laini ya zamani. Na laini ya malipo ya kabla ikikaa muda mrefu bila kutumika, namba hufungwa na baadaye kupewa mtu mwingine. Tulimwandikia mjukuu kwenye karatasi: namba ileile, salio lilelile, laini mpya. Laini mpya ilihitajika kwa sababu ya zamani ilikuwa ya kizazi cha 2G, na laini za kizazi hicho haziingii 4G. Ndiyo maana kwenye simu yangu ya akiba ilichelewa: ilikuwa ikitafuta mabaki ya mtandao mwingine wa zamani, ambao simu ya bibi haiushiki, na ikayapata kwa shida. Halafu ukubwa wake ulikuwa milimita 25 kwa 15, na simu mpya inataka nano, ya 12.3 kwa 8.8. Wapo wanaokata kwa mkasi. Hapa kukata kungetoa laini ndogo isiyofanya kazi.

Majina tuliyahamisha kabla ya yote hayo, maana laini mpya huja tupu. Nilijaribu kwanza kuyanakili kwenye laini ya zamani ili niyasome kwenye simu nyingine. Laini huhifadhi jina fupi tu na namba moja kwa kila jina, kwa hiyo majina marefu yalikatwa katikati. Watu watatu walioanza kwa "Mama Mkubwa wa" wakawa mtu mmoja aliyejirudia mara tatu. Nikaacha. Tulikaa, mimi na bibi, yeye akisikiliza ninavyosoma, nikaandika majina 23 kwa mkono ndani ya simu mpya. Mawili alisema nisiyaandike. Sikuuliza.

Vile vitufe vya kushikilia havihami kwa njia yoyote. Vinakaa kwenye simu yenyewe. Nilivipanga kama vilivyokuwa, 2, 3, 4. Kisha nikampigia ili ajaribu. Simu iliita, akaifungua, akaiweka sikioni. "Haloo?" Kimya, na simu ikaendelea kuita mkononi mwake. Simu mpya haikupokea kwa kufunguliwa; ilitaka kitufe cha kijani. Niliona uso wake ukibadilika, uso wa mtu aliyeambiwa kwamba mlango wa kwake sasa unafunguliwa na ufunguo mwingine. Mpangilio upo, ila ulikuwa ndani ya mipangilio ya kupokea simu, umezimwa. Niliuwasha, nikampigia tena. Akafungua, akanisikia. Nakuambia, kama ningemwacha aende bila kujaribu hilo, ile simu ingekuwa kabatini ndani ya wiki moja na watu wangesema wazee hawawezi vitu vipya.

Alipokuwa akiondoka aliuliza 5 ni ya nani. Nikamwambia haina mtu. Akasema niweke yangu.

Nilimwomba asinipigie hapo mezani. Apige akifika kwake, chumbani, mlango ukiwa umefungwa, palepale alipokuwa hapatikani. Jioni simu yangu iliita.

"Mwanangu, unanisikia?"

"Nakusikia vizuri, bibi. Wewe je?"

"Nakusikia kama uko hapa." Kisha nikasikia kifuniko kikijifunga, na simu ikakatika papo hapo.